Kipande Kisicho na Herufi

Ningeweza kukataa. Jibu lilikuwa neno moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni. Prefe, mkuu wa sekondari moja hapa Kalemie, kando ya ziwa, alisimama mlangoni mwa biro, yaani ofisi, ya dada yangu Rejina akiwa na karatasi mkononi. Programu mpya ya kuandikisha wanafunzi wa mwaka wa sita kwa mtihani wa serikali ilikuwa haikubali mfumo wa zamani wa kompyuta yao. Orodha ilitakiwa ifike kwa inspekteri kabla ya juma kwisha. Alitaka nipandishe mfumo wa ile mashine siku ile ile.

"Fundi, weye njo tunategemea," akasema, yaani mimi ndiye tegemeo lao. "Ukisema inawezekana, basi inawezekana."

Nilijua kanuni. Mashine ambayo kazi yake inangojwa juma hili haipandishwi mfumo juma hili. Unaiacha na uzee wake, unatafuta mashine nyingine. Nilikuwa nimewaambia watu hivyo kwa miaka mingi. Lakini mtu akikusifu mbele ya dada yako mdogo, masikio yanaziba. Nikajibu, "Haina mambo, Prefe. Masaa matatu tu, itakuwa imeisha."

Dada yangu alikuwa sekretari wa shule ile. Kazi yake yote ya miaka ilikuwa ndani ya mashine ile, na mimi ndiye niliyekuwa nimeipanga kwa mikono yangu. Nawaandikia nyinyi vijana mnaotengeneza kompyuta karibu na gare, kituo cha reli, kwa sababu mnapita kwangu kuniuliza habari za diski, nami nawajibu kwa mdomo, lakini jambo hili sijawahi kulisema lote. Macho yangu hayaoni tena skrubu ndogo. Kuandika bado naweza, polepole.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Bonaventure, mzee aliyekuwa karani wa telegrafu wa reli. Kompyuta alijifunza akiwa tayari na mvi. Hakuwahi kugusa diski bila kuichora kwanza. Alichora kwa chaki juu ya ubao wa mlango, na kila diski kwake ilikuwa gari la moshi.

"Hiki njo kichwa cha gari," alikuwa akisema. "Hapa mashine inaamkia. Hili behewa la kwanza ni la mfumo. Hili la pili ni la watu, yaani barua zao, picha zao. Kichwa kinaweza kuungua, tutaleta kingine. Watu wakiungua, utaleta wengine wapi?"

Siku moja alinikuta nimeanza kufuta diski ya mteja bila kuchora chochote. Hakupandisha sauti. Akavuta kiti, akakaa nyuma yangu.

"Evariste, weye ni fundi ao ni mwizi?"

"Ni fundi, Papa."

"Mwizi njo anaingia nyumba bila kujua vyumba. Inuka, shika chaki."

Baada ya kuchora alikuwa ananakili mchoro kwenye karatasi na kuigundisha ndani ya kifuniko cha mashine. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, ila kwa siri. Leo ukinunua mashine iliyokwisha kutumika, ikivuka kutoka Kigoma au ikishuka kwenye kontena, fungua kifuniko chake. Ukikuta karatasi ya manjano yenye mistari ya gari la moshi, ujue mzee yule aliipitia.

Mashine za wakati ule zilitujia zimekatwakatwa kila moja kwa akili ya bwana wake wa kwanza. Nimeona diski yenye vipande saba, vitano vitupu. Nimeona mfumo umewekwa mwisho kabisa na mbele yake pengo lisilo na kazi, kama kiwanja ambacho ndugu wamegombania mpaka wakakiacha. Mfanyabiashara mmoja kutoka Manono alileta mashine yake ameifunga blanketi, siku tatu juu ya pikipiki. Ndani kulikuwa na mifumo miwili, wa zamani na mpya, na kila asubuhi mashine ilimwuliza anataka upi.

"Tangu lini inakuuliza hivi?" nikamwuliza.

"Mwaka wa pili sasa. Nilizania ni adabu yake."

"Na njiani haikuanguka?"

"Hapana, Papa. Pikipiki njo ilianguka. Miye nilikuwa nimeikumbatia."

Nilicheka siku ile mpaka nikasahau kumwambia anakili vitu vyake kabla sijagusa. Kwa bahati hakuna kilichopotea. Bahati ya namna hiyo ni mwalimu mbaya. Inakufundisha kwamba kunakili ni kazi ya waoga.

Sasa niwaeleze nilivyoipanga mashine ya Rejina, maana hapo ndipo mtego ulipo, na aliyeutega ni mimi.

Umeme wetu mnaujua. Ukikatika mashine ikiwa inaandika, mfumo unaumia, na ukiumia mara nyingi inabidi ufute na kuweka upya. Kwa hiyo diski ya Rejina niliikata vipande viwili. Cha kwanza cha mfumo, cha pili cha points, yaani maksi za wanafunzi, ili nikifuta cha kwanza cha pili kisiguswe. Hapo nilifanya vizuri. Lakini walimu walikuwa na tabia ya kuja na flashi zao kujaza filamu na nyimbo popote wanapoona nafasi. Basi kile kipande cha pili nikakinyang'anya herufi yake, ile D au E ambayo mashine hukiitia. Kipande kisicho na herufi hakionekani kwa mtu anayefungua mashine kwa kawaida. Mahali pake nikatengeneza folda tupu ndani ya nyaraka za Rejina na kuifanya mlango wa kuingilia huko. Kisha juu ya meza ya skrini nikamwekea alama ndogo ya kubonyeza, ile tunayoiita rakursi, nikaiandika POINTS.

Rejina alibonyeza, akaona points zake. Hakujua kwamba amevuka mlango na kuingia chumba kingine. Sikumweleza. Niliona namrahisishia kazi. Hata jina la ile alama sikumfundisha, wala kwamba yenyewe haibebi kitu, inaonyesha njia tu.

Nilichora. Hilo nalisema kwa haki yangu. Nilichora karatasi, nikaigundisha ndani ya kifuniko kama nilivyofundishwa. Halafu, kwa sababu biro ile ilikuwa kando ya barabara na vumbi lilikuwa linaingia kila mahali, nikazungushia kifuniko skochi pana, utepe wa gundi, mizunguko miwili. Miaka mitano sikuifungua.

Katika miaka ile maji ya ziwa yalipanda yakaingia biro ya shule. Daftari za karatasi zililowa, zikaoza. Mashine ilipona kwa sababu Rejina aliibeba kichwani, maji yakiwa magotini, akaipeleka kwa jirani wa juu. Tangu siku hiyo points za mwaka wa tano za wale waliokuwa wanajiandaa kwa mtihani hazikuwa mahali pengine popote shuleni. Prefe alijua. Nami nilijua.

Siku ya kazi yenyewe niliwasha ile zana ya kupandisha mfumo, ikaanza kuipima mashine. Zana hizi zina tabia ya daktari wa kijeshi. Anakuambia moyo mzuri, mapafu mazuri, halafu anakukataa kwa sababu ya meno. Ilikubali kila kitu isipokuwa nafasi. Kipande cha mfumo kilikuwa kimejaa.

Nikafungua picha ya diski. Nikaona kipande cha kwanza, na pembeni yake kipande kingine, hakina herufi wala jina. Mashine nyingi za mitumba huja na kipande cha namna hiyo, cha kiwanda, cha kurudishia mfumo wa zamani. Nilikuwa nimefuta vya namna hiyo mara nyingi mno kuvihesabu. Mkono wangu ukakitambua kabla ya akili.

Rejina alikuwa amesimama nyuma yangu. Alizoea kuniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, hauchore kwanza? Papa Bonaventure alikuwa anachora."

"Papa Bonaventure alikuwa na muda. Miye niko na prefe mlangoni."

Prefe akacheka. Rejina naye akacheka kidogo.

"Umefanya kopi?" nikamwuliza.

"Nilifanya jana, yaya. Iko mu flashi." Akaichomeka. Nikaona alama imeandikwa POINTS. Sikuifungua. Ningeibonyeza mara moja tu kwenye mashine nyingine ningejua. Nikasema vizuri, toa.

Nikachagua kile kipande, nikaamuru kifutwe. Mashine iliniuliza kwa Kifaransa chake cha adabu kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Nafasi ikaachwa wazi, nikairefusha sehemu ya mfumo mpaka ikaimeza yote. Zana ikapima tena, ikakubali, ikaanza kazi. Inahesabu hadi mia, inazima, inawaka, inahesabu tena. Wakati huo wote ilikuwa inaandika vitu vipya juu ya vile nilivyofuta. Prefe alienda kwenye mkutano wake. Rejina alituletea chai na mikate.

Mashine ilipoamka ilikuwa nzuri. Rangi mpya, maandishi laini, haraka kuliko zamani. Rejina akakaa, akabonyeza POINTS. Akabonyeza tena. Mara ya tatu alibonyeza taratibu, kama mtu anayemgusa mgonjwa.

"Yaya, inasema haiko."

Nikachukua flashi, nikaifungua. Ndani kulikuwa na ile alama yenye mshale. Alikuwa ameikokota alama kutoka kwenye meza ya skrini, akaamini amebeba chumba kizima. Kwa nini asiamini? Mimi ndiye niliyemfanya aamini hivyo miaka mitano.

Nikachukua wembe, nikakata skochi, nikafungua kifuniko. Karatasi ilikuwa pale pale. Gari la moshi lenye kichwa na mabehewa mawili, na chini yake mwandiko wangu mwenyewe: Behewa la pili ni POINTS ya Rejina. Halina herufi. Usiliguse.

Nikarudisha kifuniko upesi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kuna sentensi moja ambayo kila fundi wa mji huu anaijua. "Diski imekufa." Ukimwambia mteja hivyo, anainamisha kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. Wengine wanakupa pole wewe fundi. Hakuna anayeuliza imekufa kwa nini, wala mikononi mwa nani. Mimi nimeitumia kwa diski zilizokufa kweli, na nimeitumia kwa nilizoziua.

Prefe aliporudi akaona nyuso zetu.

"Kuna nini?"

"Diski imekufa upande mmoja, Prefe. Ilikuwa imechoka."

"Na points?"

"Zilikuwa upande ule."

"Na kopi?" Akamgeukia Rejina. Rejina akainua macho. Aliniangalia mimi. Prefe naye akaniangalia.

Nikasema, "Kopi haikufanywa vizuri."

Neno hilo lilikuwa la kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Siku nne nilikaa na zana za kufukua vilivyofutwa. Mkishafuta kwa makosa, zimeni mashine hapo hapo, toeni diski, msiandike juu yake hata herufi moja. Hapo mnaweza kuokoa karibu kila kitu. Mimi nilikuwa nimeandika mfumo mzima juu yake. Niliokoa orodha ya wachezaji wa mpira wa shule, barua tatu za kuomba chaki, na kurasa za points ambazo majina yalibaki na namba zimepotea.

Rejina alipita nyumba kwa nyumba akiomba familia zitoe bulletini za watoto, zile karatasi za matokeo, ili aandike upya. Nyumba za juu walizitoa. Za kando ya ziwa, maji yalikuwa yamezichukua pia. Walimu walisaidia kwa kumbukumbu na daftari zao. Orodha ilipelekwa imechelewa, na wanafunzi wachache waliokosa ushahidi wowote walilazimika kungoja mwaka mzima. Mama wa mmoja wao alikuja shuleni akamlilia Rejina, si mimi. Mimi nilikuwa kwangu.

Kisha dada yangu akaandikiwa barua ya kuachishwa kazi, kwa kuwa hakutunza nyaraka za shule.

Alikuja nyumbani na barua ile, akaiweka mezani.

"Yaya, weye unajua kilichotokea. Kasemeshe prefe."

"Nitaenda."

"Lini?"

"Juma hili."

Sikuenda. Niliogopa. Kwa fundi wa mji mdogo jina ndilo duka lake. Nilijiambia atapata kazi nyingine, ana mwandiko mzuri, anajua Kifaransa. Alinipa juma lile, akanipa na la pili. Akikutana nami kanisani ananisalimu, anangoja kidogo, kama mtu aliyeuliza swali, kisha anapita. Halafu prefe akahamishwa. Rejina akafunga vitu vyake, akapanda boti ya Moba na binti yake Klara, akaenda Kirungu kulima shamba aliloacha mama yetu.

Nilimwandikia prefe mpya barua ya kueleza yote. Ilinichukua mwaka kuiandika. Alinishukuru, akaiweka katika faili. Kiti cha sekretari kilikuwa na mwingine, mama mwenye watoto wake, na hakuna aliyeweza kumwambia ainuke.

Baada ya mwaka mwingine nikapanda Kirungu. Njia za kule ni za mlima na mimi si kijana. Baridi ilinikuta na shati la Kalemie. Rejina alikuwa anapepeta maharage uani. Alinipa kiti, akanipa maji, akauliza habari za njiani.

"Karibu, Papa Evariste."

Papa Evariste. Ndivyo wanavyoniita wateja.

Nikamwambia, "Rejina, nimekuja kusema. Kosa lilikuwa langu. Miye njo nilifuta."

Hakuacha kupepeta.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Ulipofungua kifuniko nilikuwa nyuma yako. Nilisoma karatasi."

"Sasa kwa nini haukumwambia prefe?"

Ndipo akaweka ungo chini. "Mudogo anashitaki yaya yake mbele ya watu wa inje? Mama alitulea vile? Nilikuwa nakungoja weye useme. Nilingoja pale mu biro, nikangoja kanisani, nikangoja mupaka siku boti inatoka. Niliangalia bandarini kama utakuja."

Alinipikia, nikala. Asubuhi alinifungia maharage katika mfuko, akanisindikiza hadi kwenye njia, akarudi.

Vijana wangu, kuhusu zana mtajifunza wenyewe, na za leo ni bora kuliko zetu. Choreni kabla ya kugusa. Kopi ambayo hujaifungua kwenye mashine nyingine usiiite kopi. Kipande kisicho na herufi kina mwenyewe, tafuteni jina lake kwanza, hata kama aliyekikata ni nyinyi. Na mteja akiwaharakisha, mwambieni hapana. Ataudhika siku moja tu.

Sisi watu wa milima ya Moba, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Binti akiposwa, anayekaa mbele ya wageni ni mjomba, kaka wa mama. Yeye ndiye anayewauliza wametoka wapi na wanataka nini, na bila neno lake hakuna ndoa. Rejina ana kaka mmoja tu. Kiangazi kilichopita Klara aliposwa, akaolewa. Nilipata habari bandarini, kwa mwanamke muuza maharage aliyedhani nilikuwepo. Rejina alimwomba binamu yetu akae mahali pangu, na binamu akakaa.

Niliposema "haina mambo" kwa prefe yule, nilidhani naweka hatarini siku moja ya kazi. Iligharimu kazi ya dada yangu na mwaka wa watoto wa watu. Mimi ilinigharimu dada. Yuko hai, ana afya, na mimi si mjomba wa binti yake tena.